Maswali ya Wasomaji: Supu ya Januari Mosi na bendera ya Mei 18

Toleo lililopita tulieleza kwa kifupi namna vyama vya Wahaiti waishio Miami, Brooklyn na Montreal vinavyowakusanya watu wao: supu ya maboga tarehe 1 Januari, siku ya bendera tarehe 18 Mei, na kumbukumbu ya tetemeko tarehe 12 Januari. Barua zilizotufikia nyingi zimetoka kwa wasomaji wa Kampala na makazi ya wakimbizi wanaotaka kuandaa siku kama hizo katika vyama vyao. Tunajibu zile zilizouliza mambo ya kutenda.

Sisi ni Wakongomani wa Katwe. Vijana wanataka siku ya Haiti, wazee wanauliza: Haiti na sisi wapi na wapi? Tuwajibu nini?

Waambieni kwamba sehemu kubwa ya watu waliosafirishwa utumwani kwenda Saint-Domingue, jina la Haiti wakati wa Wafaransa, hasa katika miaka ya mwisho kabla ya maasi ya 1791, walitoka eneo la Kongo. Hata mmoja wa viongozi wa maasi yale, Macaya, alikuwa Mkongo na alijitaja hadharani kuwa mtu wa mfalme wa Kongo. Kisha undugu huo ukarudi kwa njia nyingine: baada ya uhuru wa 1960, walimu na madaktari wengi wa Kihaiti waliajiriwa Kongo kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa, wakaishi na familia zao Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mikoani. Kwa hiyo ulizeni kwanza miongoni mwa wazee hao hao. Kama yupo aliyefundishwa hesabu au Kifaransa na Mhaiti, mpeni dakika 10 za kusema kabla ya chakula, naye ajue wiki mbili mapema. Hotuba ya mtu aliyeyaona mambo itawatosha. Hamna haja ya kumtafuta mgeni rasmi.

Tunataka kupika ile supu kwa watu 60 hapa Nsambya. Mwaka jana tulijaribu, ikawa maji matupu juu na makaroni yaliyovimba chini. Tulikosea wapi?

Dada yetu, mlikosea mahali pawili, na makosa yote mawili hutokea pale mtu anapozidisha kipimo cha nyumbani bila kubadili utaratibu.

Kwanza boga. Supu hii, ambayo Wahaiti huiita soup joumou, hupata uzito wake kutokana na boga lenyewe, si unga. Boga likichemshwa ndani ya maji mengi linanyonya maji, na hayo ndiyo mliyoyaona yakielea juu. Lipikeni kwa mvuke kama mnavyopika matoke: vipande vikubwa na ganda lake, vifungwe kwenye majani ya mgomba, maji kidogo chini, dakika 40 hivi. Likiiva, komba nyama ya boga kwa kijiko na uisage. Blenda ni nzuri lakini umeme ukikatika kazi imesimama, kwa hiyo wekeni kinu au chekecheke pembeni. Sokoni chagueni boga zito, kikonyo chake kimekauka, ganda halipenyi ukucha, na ndani rangi ya machungwa iliyokolea. Yale ya njano iliyopauka hayafai. Nusu ya mzigo ikiwa ya yale maboga madogo yenye shingo ndefu, supu itakuwa tamu na laini zaidi.

Kwa watu 60, kila mmoja akipata nusu lita na wengine wakaongezewa, mnahitaji kama lita 36. Nunueni nyama ya ng'ombe ya muundi pamoja na mifupa kilo 7, maboga kilo 8 kabla ya kumenya, karoti kilo 2, viazi mviringo kilo 3, majimbi kilo 2 (kwenye soko la Kalerwe yaulizeni kwa jina la mayuni), kabichi moja kubwa ya kilo 2, seleri vishada 3, makaroni kilo 1 na wala si zaidi, na ndimu 25. Maji lita 16. Tumieni sufuria mbili za lita 30 badala ya moja kubwa: sufuria ya lita 50 ikijaa haigeuziki vizuri, na boga huzama na kuungua chini. Harufu ya kuungua ikishaingia haitoki. Ikitokea, msikwangue chini. Hamisheni supu ya juu kwenye chombo kingine upesi.

Nyama huoshwa kwa ndimu 10 na maji ya moto, kisha hupakwa epis, yaani viungo vibichi vilivyosagwa pamoja. Kwa kilo hizo 7 sageni vichwa 4 vya kitunguu saumu, vishada 6 vya kitunguu majani, pilipili hoho za kijani 6, vishada 4 vya parsili, thaimu kiganja kimoja, karafuu 12, na maji ya ndimu 8. Wahaiti huilaza nyama hiyo usiku kucha kwenye friji. Kama hamna friji, msiilaze: pakeni asubuhi, ikae kwa muda wa saa mbili kivulini ndani ya boksi lenye barafu. Nyama iliyolala usiku kwenye joto la jikoni itaharibu sherehe nzima, na ndimu haitaiokoa.

Hili la makaroni ni suala la saa. Washeni sigiri saa nne asubuhi, nyama ianze kuchemka saa sita na iendelee kwa saa mbili. Saa nane mimineni boga lililosagwa, mwiko usitoke mkononi mwa mtu. Saa nane na nusu viazi, majimbi na karoti. Saa tisa na robo kabichi na seleri. Saa tisa na nusu, si kabla, ndipo makaroni yaingie, tena kwa sufuria moja tu, na saa kumi mpakue. Ya pili yangojee hadi wa kwanza wawe wameanza kula. Makaroni hayaachi kunywa supu hata moto ukizimwa. Chumvi anzeni na vijiko vikubwa 8 kwa jumla, kisha onjeni mwishoni, na kama mmetia vidonge vya supu punguzeni hadi vijiko 5. Pilipili kali, ile ya mviringo yenye mikunjo, huelea nzima na kikonyo chake. Apewe mtu mmoja kazi ya kuilinda, kwa sababu ikipasuka sufuria nzima haitalika kwa watoto. Iopoeni kabla ya kukamua ndimu zilizobaki na kutia siagi robo kilo.

Inayobaki igawanyeni kwenye vyombo vipana vifupi ndani ya saa mbili. Supu nzito ikifunikwa moto ndani ya sufuria kubwa hukaa vuguvugu usiku kucha na asubuhi imechacha.

Kwa nini tunasisitiza usahihi wote huu? Kwa sababu sahani hii ina maana. Masimulizi ya Wahaiti yanasema kwamba watumwa waliipika na mabwana wakaila. Siku uhuru ulipotangazwa Gonaïves, tarehe 1 Januari 1804, waliokuwa wapishi wakaila wao. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ndiyo ya kwanza kutoka Haiti. Mgeni Mhaiti akija kwenu, atakaloangalia kwanza ni bakuli, kabla ya kutazama jukwaa.

Kwa nini mmepanga kupakua saa kumi? Chakula cha mchana si saa saba?

Kwa sababu ya simu. Wengi mtataka kuunganishwa kwa video na ndugu walioko Haiti, Miami au Montreal. Mwezi Januari Kampala imetangulia miji hiyo kwa saa 8. Supu hii huliwa asubuhi, kwa hiyo saa kumi jioni ya Kampala kwao ni saa mbili asubuhi, familia ndiyo inakaa mezani. Mtakula pamoja. Mkipakua saa saba, wao ni saa kumi na moja alfajiri na hakuna atakayepokea.

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wao husogeza saa mbele, na tofauti inakuwa saa 7. Siku ya bendera, Mei 18, hesabuni hivyo. Tetemeko la Januari 12, 2010 lilitokea saa kumi na dakika 53 jioni ya Haiti, ambayo Uganda ilikuwa tayari saa sita na dakika 53 za usiku wa kuamkia Januari 13. Vyama vingi vya Wahaiti hunyamaza kimya kwa dakika hiyo hiyo. Wenzetu wanaotaka kufanya hivyo mchana hawakosei, ila waseme wazi kwamba ni kumbukumbu ya siku, si ya dakika.

Jambo moja zaidi kuhusu mialiko: mkiandika "saa 8" kwa tarakimu, Mswahili atakuja saa nane mchana na mgeni atakuja saa mbili asubuhi. Andikeni "saa nane mchana" kwa maneno, na chini yake 14:00.

Bombo hapa wageni wetu wengi ni Waislamu, na tumesikia Wahaiti hula nguruwe kwenye sherehe. Tufanyeje?

Ni kweli, griot ni nyama ya nguruwe iliyochemshwa na viungo kisha ikakaangwa, na haikosekani kwenye sherehe zao. Lakini Wahaiti wenyewe hupika mbuzi vilevile kwa viungo hivyo hivyo, nanyi chagueni huyo, achinjwe na anayeaminika, na nguruwe asiingie kabisa kwenye uwanja. Kutenga sufuria hakutoshi, maana mwiko na mafuta vitachanganyika tu watu wakizidiwa na kazi. Supu ni ya ng'ombe, haina shida.

Pembeni wekeni pikliz, kachumbari yao ya siki. Kabichi moja ya kilo 2 ikatwe nyembamba sana, karoti 4 zikwaruzwe, vitunguu 3, pilipili kali 6, karafuu 8, chumvi vijiko vikubwa 2, na siki nyeupe lita 1 na nusu au hadi ifunike. Itiwe kwenye mitungi ya kioo, si ya bati, siku tatu kabla. Ikitengenezwa asubuhi ya sherehe inakuwa kabichi mbichi yenye maji ya siki. Mkataji avae glovu, maana pilipili ile ikiingia chini ya kucha itamsumbua hadi kesho yake.

Mchungaji wetu Mbarara anaogopa kwamba ngoma za Kihaiti ni ibada ya mizimu.

Vodou ni dini, na serikali ya Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003. Ina nyimbo zake, ngoma zake na viongozi wake. Lakini Wahaiti wengi ni Wakristo, na muziki wa sherehe za vyama kwa kawaida ni konpa, muziki wa dansi ulioanzishwa na Nemours Jean-Baptiste mwaka 1955, ambao mpenzi yeyote wa rumba ya Kongo atauchezea bila kufundishwa. Rara, ile ya mabaragumu barabarani, ina msimu wake wa Kwaresima hadi Pasaka. Chagueni konpa, mwonesheni mchungaji orodha ya nyimbo mapema, na msiwadharau wenye dini yao mbele ya watu.

Shule yetu Entebbe inataka kuigiza kushonwa kwa bendera ya Haiti, Mei 18. Tunahitaji vipimo, na tumeona bendera mbili tofauti kwenye picha. Ipi ni sahihi?

Mwalimu, swali lako zuri sana, maana hapa ndipo vyama vingi hukosea.

Bendera ya leo ina buluu juu na nyekundu chini, kwa ulalo. Ya serikali ina kibao cheupe katikati chenye nembo: mti wa jamii ya mitende, mizinga, bendera, ngoma, na utepe wenye maneno ya Kifaransa ambayo kwetu ni "Umoja ni nguvu". Ya raia haina nembo. Picha zenye nyeusi na nyekundu ni za enzi ya udikteta wa akina Duvalier, baba na mwana, kuanzia 1964 hadi 1986. Wahaiti wengi walikimbia nchi wakati huo, na kuitundika mbele yao ni kuwatonesha kidonda. Msiitumie.

Lakini kwenye mchezo msitumie ya leo pia. Masimulizi ya taifa yanasema kwamba tarehe 18 Mei 1803, mjini Arcahaie, Dessalines, kiongozi wa vita vya uhuru, aliing'oa sehemu nyeupe ya bendera ya Ufaransa, na mshonaji Catherine Flon akaunganisha buluu na nyekundu zilizobaki. Bendera ya Ufaransa ni ya wima. Kwa hiyo iliyotoka mkononi mwa Flon ilikuwa ya wima, buluu upande wa mlingoti. Kuilaza kulikuja baadaye, wakati wa Rais Pétion.

Kwa jukwaa, shoneni bendera ya Ufaransa yenye pande tatu, lakini ile nyeupe ipigeni bandi tu, mishono mirefu ya sentimita 3 kwa uzi mmoja usiofungwa fundo mwishoni. Mtoto anayeigiza Dessalines akivuta ncha ya uzi, nyeupe inatoka nzima bila kuchanika. Fundo likifungwa, kitambaa hakitoki, mtoto anavuta kwa nguvu na pazia zima linaanguka. Anayeigiza Flon asishone kweli mbele ya watu kwani inachukua muda na sindano ni hatari. Wekeni velkro kwenye kingo za buluu na nyekundu, afanye ishara ya kushona mara tano, kisha abane.

Ile ya kutundika uwanjani ni ya 3 kwa 5. Kwa bendera ya sentimita 90 kwa 150, kateni kila rangi sentimita 49.5 kwa 156: sentimita 1.5 ni za kuunganishia katikati, na 3 ni za pindo kila ukingo wa nje. Mita 1.6 ya tetroni ya upana wa 115 inatoa vipande viwili, kwa hiyo mita hizo za kila rangi zinatosha bendera mbili. Kabla ya kukata, loweka kipande kidogo cha nyekundu kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa pamoja na kitambaa cheupe. Kikichujisha, rudi dukani. Mvua ya Mei ya Entebbe inajulikana, na nyekundu inayochuja itaitia madoa buluu. Isipite kwa ukubwa wala urefu wa mlingoti bendera ya Uganda iliyo pembeni yake.

Watoto wakubwa waelezeni pia hili: kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936, Haiti na Liechtenstein ziligundua kwamba bendera zao zilifanana, na mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji kwenye yake. Hawatalisahau.

Tuko Nakivale. Je, mkimbizi anaruhusiwa kuunda chama na kufanya sherehe?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya faida. Shikeni hayo mawili: hotuba za siasa za nyumbani ziondoke kwenye ratiba, na kiingilio kisigeuke biashara. Barua moja iende kwa mwenyekiti wa RWC (baraza la ustawi wa wakimbizi) wa kijiji chenu, nakala kwa kamanda wa makazi na kituo cha polisi. Walioko Kampala waanzie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Sheria ya 2013 ya mikutano ya hadhara ilitaka taarifa isiyopungua siku 3 na isiyozidi 15 kabla. Hata kama yenu ni ya utamaduni, pelekeni ndani ya muda huo ili asitokee wa kuuliza. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kuzima muziki, idadi ya watu, uwanja na barua ya mwenye uwanja, na namba za simu za watu wawili wanaowajibika. Nakala moja igongwe muhuri na ikae mfukoni mwa mtu aliyepo uwanjani siku nzima. Barua nyingi hubaki nyumbani kwa katibu, naye katibu amekwenda kununua makaa.

Wahaiti hupataje fedha za sherehe? Likelemba yetu ilivunjika mara mbili.

Wao wana sòl, mchezo ule ule wa upatu: kila zamu hutolewa fungu, linaloitwa "mkono", na anayetunza huitwa mama wa sòl. Yenu inavunjika, kwa maelezo ya barua yako, kwa sababu waliopokea mwanzoni walihama. Mpangilio wa zamu ndio ulinzi: wanaojulikana miaka mingi watangulie, wageni wapokee mwishoni wakiwa wameshachangia. Kura ya bahati nasibu inaonekana ya haki, lakini inaweza kumpa wa jana fungu la kwanza.

Fedha za sherehe zisichotwe kwenye mkono wa mtu. Mkiwa 12 na kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa wiki, mpokeaji apate 600,000 kamili. Juu yake kila mmoja aongeze 2,000 za sherehe. Kwa wiki 12 hizo ni 288,000, nazo zikae kwenye kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Mkianza wiki ya pili ya Oktoba, fungu la mwisho linaingia wiki ya Krismasi, nanyi mna siku chache za kwenda Kalerwe kabla bei ya maboga haijapanda.